Nundu ya baba, mitokondria ya mama: ng'ombe wetu wa kienyeji wametoka wapi?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mfugaji wa Meatu, mkoani Simiyu. Tuna ng'ombe wa kienyeji wapatao arobaini. Afisa mifugo alituambia mkutanoni kwamba hawa zebu wetu ni ng'ombe wa Kihindi, waliletwa na majahazi, na kwa kuwa nao ni wageni tu hakuna ubaya tukiwapandisha wote kwa mbegu ya Friesian mpaka damu ya kienyeji iishe. Baba yangu alikasirika sana. Anasema ng'ombe hawa walikuja na wafugaji wa kale kutoka kaskazini. Nani mkweli? Na je, naweza kuwapima vinasaba nikajua asili yao hasa?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Afisa wenu ana ukweli na mzee wako ana ukweli, ila kila mmoja ameshika upande mmoja wa ukoo. Afisa ametazama baba wa ng'ombe, mzee ametazama mama zao. Na lile la mwisho, kwamba eti ni wageni kwa hiyo waishe, halifuati hata kama la kwanza lingekuwa kweli tupu.

Tuanze na mnyama mwenyewe. Jioni ng'ombe wakirudi zizini, simama ubavuni mwa dume lako uangalie nundu. Kwa zebu imekaa juu ya mabega. Ukienda Karagwe ukamtazama Ankole mwenye pembe ndefu, nundu yake ni ndogo na imesogea mbele, karibu na shingo. Ukifika Guinea au Gambia ukaonyeshwa N'Dama, hana nundu kabisa, mgongo umenyooka. Kwa muda mrefu wataalamu waliwapanga ng'ombe wa Afrika kwa kutumia alama hiyo: mwenye nundu kubwa ametoka Asia, asiye nayo ni wa Afrika ya zamani, na wa katikati, wale tunaowaita Sanga, ni mchanganyiko. Mpango huo haukuwa wa kijinga, lakini nundu inaweza kurithiwa kwa baba peke yake, na hapo ndipo ilipotupoteza.

Ng'ombe wote wa kufugwa duniani wametokana na ng'ombe mwitu mkubwa aitwaye aurokisi, aliyeenea Ulaya, Asia na Afrika ya Kaskazini. Wa mwisho kabisa alikufa mwaka 1627 katika msitu wa Jaktorów, Poland, kwa hiyo hatunaye tena wa kumlinganisha, tuna mifupa tu. Watu walimfuga mara mbili, mahali pawili mbalimbali. Mara ya kwanza ni kama miaka 10,500 iliyopita, sehemu za juu za mito Frati na Hidekeli, mpakani mwa Uturuki na Syria za leo. Hao ndio wazazi wa ng'ombe wasio na nundu, wakiwemo Friesian na Ayrshire. Hesabu iliyofanywa kwa vinasaba vya mifupa ya kale inaonyesha kuwa kundi la kwanza huenda lilianza na majike kama 80 tu. Mara ya pili ni katika eneo la bonde la Indus, Pakistan ya leo, ambako kijiji cha kale cha Mehrgarh kina mifupa ya ng'ombe wa kufugwa ya takriban miaka 8,000. Hao ndio zebu. Lakini aurokisi wa Mashariki ya Karibu na wale wa Asia ya Kusini walikuwa wametengana mamia ya maelfu ya miaka kabla mtu hajafunga kamba shingoni mwa yeyote kati yao. Kwa hiyo tofauti yao ni ya kale kuliko ufugaji wenyewe, na ndiyo maana maabara inaziona damu hizo mbili waziwazi hata zikishachanganyika.

Sasa tuje Afrika. Mwaka 1994 watafiti wa Dublin, Ronan Loftus na Daniel Bradley wakiwemo, walitoa matokeo yaliyowashangaza wengi. Walisoma kinasaba cha mitokondria, kile kidogo kilicho nje ya kiini cha seli. Mitokondria hurithiwa kwa mama peke yake, kama ushanga ambao mama anampa binti, na binti anampa binti yake. Dume anao wa mama yake lakini hampi mtoto yeyote. Walichukua sampuli za ng'ombe wa Ulaya, India na Afrika, wakitarajia zebu wa Afrika waangukie upande wa India. Haikuwa hivyo. Wa India walisimama peke yao, na wa Afrika, wenye nundu na wasio nayo, wote wakakaa upande wa wasio na nundu. Tangu hapo ng'ombe wengi sana wa bara hili wamepimwa, na jibu ni lile lile: karibu wote wana mitokondria ya ukoo mmoja unaoandikwa T1, tawi la ng'ombe wasio na nundu. Mitokondria ya Kihindi kwa ng'ombe wa kienyeji wa Afrika ni ya kutafuta kwa tochi.

Ukigeukia kromosomu Y, yaani kile kijiti cha vinasaba ndani ya kiini cha seli kinachotoka kwa baba kwenda kwa mwana, hadithi inapinduka. Madume mengi ya kienyeji ya Afrika Mashariki yana Y ya Kihindi. Na hii haikuhitaji hata mashine za kisasa. Tangu zamani mtu mwenye hadubini nzuri aliweza kuiona, kwa sababu Y ya zebu na Y ya ng'ombe wasio na nundu hazifanani umbo. Kiunganishi cha kromosomu kiko karibu na katikati kwa wasio na nundu, kwa zebu kimekwenda mwisho kabisa. Unachukua damu ya dume, unakuza chembe zake, unazitia rangi, unahesabu kromosomu 60, kisha unaitafuta ile moja ndogo na kutazama imekaaje.

Kwa kifupi, bibi wa ng'ombe wako walikuwa wa Afrika kabla nundu haijafika, na nundu ililetwa na madume.

Utaniuliza, madume machache yanawezaje kubadilisha bara? Fanya hesabu hii na mzee wako. Dume la zebu likimpanda jike asiye na nundu, ndama ana nusu ya damu ya zebu. Mtamba huyo akipandwa na zebu mwingine, mtoto ana robo tatu. Kizazi cha tatu, sehemu saba kwa nane. Cha nne, kumi na tano kwa kumi na sita. Kwa ng'ombe wetu kizazi kimoja huchukua kama miaka minne au mitano, kwa hiyo ndani ya miaka ishirini kundi lote lina nundu na sura ya Asia, na hakuna jike hata mmoja aliyeletwa kutoka nje. Mitokondria imebaki ile ile ya bibi wa mwanzo. Brazil jambo hili limetokea karibuni na kuandikwa: madume ya Kihindi yalipandishwa kwa majike waliotokana na ng'ombe wa Wareno, na mpaka leo Nelore wengi wa Brazil, wenye nundu ya kupendeza, wana mitokondria ya ng'ombe wasio na nundu.

Huko Mashariki ya Karibu nako ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 2019 kundi la Bradley lilichapisha vinasaba vya ng'ombe wa kale 67 kutoka eneo hilo. Kwa maelfu ya miaka hakuna damu ya zebu. Halafu kama miaka 4,200 iliyopita inaingia kwa ghafla na kuenea, huku mitokondria nyingi zikibaki za zamani. Wakati huo ndipo ulipokuwepo ukame mkali uliodumu vizazi vingi. Mfugaji yeyote wa Simiyu anaelewa hapo bila kuelezwa. Mvua zikikatika unatafuta dume linalostahimili jua, linalokunywa kidogo na kutembea mbali.

Kwetu walifikaje? Hapa mzee wako ana haki kubwa. Mifupa ya ng'ombe wa kufugwa inaonekana kandokando ya Ziwa Turkana kati ya miaka 5,000 na 4,000 iliyopita, imeletwa na wafugaji waliokuwa wakishuka kutoka kaskazini kadiri Sahara ilivyozidi kukauka. Kufikia kama miaka 3,000 iliyopita wafugaji walikuwa tayari kaskazini mwa Tanzania. Luxmanda, mkoani Manyara, ng'ambo ya Ziwa Eyasi ukitokea kwenu, wachimbaji wamekuta makazi ya wafugaji wa wakati huo pamoja na mifupa ya ng'ombe, mbuzi na kondoo. Majike wa ukoo wa T1 walikuja kwa njia hiyo, kwa miguu, wala hawakuja na jahazi. Mzee akisema kaskazini, mwambie sayansi inamuunga mkono.

Zebu ni wa baadaye. Ng'ombe wenye nundu wanaonekana katika michoro ya Misri ya zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, lakini kuingia kwao kwa nguvu Pembe ya Afrika na Afrika Mashariki kunahusishwa na biashara ya Bahari ya Hindi na Bahari ya Shamu. Utafiti mkubwa wa mwaka 2020 uliosoma vinasaba kamili vya ng'ombe wa kienyeji 172 wa Afrika ulikadiria kuwa mchanganyiko mkuu wa damu hizi mbili katika Pembe ya Afrika ulitokea kati ya miaka 750 na 1,050 iliyopita. Na kabla ya hapo, mwaka 2002, Olivier Hanotte na wenzake waliokuwa Nairobi, kwenye ILRI, yaani Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, walipima makundi 50 kutoka nchi 23 za Afrika, wakachora ramani ya damu ya zebu: nzito Afrika Mashariki, ikipungua kadiri unavyokwenda magharibi na kusini. Kwa hiyo majahazi ya afisa wenu yapo, hayakutungwa. Ila yalipakua zaidi madume.

Kuna ubishi mmoja ambao nitaupitia haraka kwa sababu utakutana nao ukisoma. Wapo wanaoamini kuwa ng'ombe alifugwa mara ya tatu, hapa hapa Afrika, katika jangwa la mashariki la Sahara, wakitegemea mifupa ya Nabta Playa kusini mwa Misri. Mimi sishawishiki. Mitokondria ya T1 iko karibu mno na koo nyingine za Mashariki ya Karibu kuweza kuwa ya aurokisi aliyejitenga Afrika miaka yote hiyo. Kinachoniingia akilini zaidi ni kuwa ng'ombe waliokwisha kufugwa waliingia Misri, kisha majike yakapandwa huku na huko na madume mwitu wa Afrika. Kinasaba cha kiini cha ng'ombe kama N'Dama kinaelekea huko. Tena madume, unaona.

Sasa, kupima ng'ombe wako. Inawezekana, na uchukuaji wa sampuli ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Unang'oa nywele za mwisho wa mkia, zile ndefu, kama thelathini hivi, kwa kuvuta kwa nguvu ili zitoke na vishina vyake vyeupe. Kinasaba kimo kwenye kishina, nywele iliyokatwa kwa mkasi haina kazi. Unaziweka kwenye bahasha ya karatasi, si mfuko wa plastiki, kwa sababu unyevunyevu huozesha. Andika namba ya ng'ombe, jinsi, umri na kijiji. Maabarani siku hizi hutumia chipu inayosoma alama zipatazo 50,000 zilizotawanyika katika kromosomu zote, kisha kompyuta inakadiria sehemu ngapi ni za zebu, ngapi za Afrika ya zamani, ngapi za Ulaya. Ukichagua ng'ombe wa kupima usichukue mama na ndama wake. Chukua wasio ndugu, kutoka mazizi mbalimbali, la sivyo utapima familia moja ukadhani umepima wilaya.

Utapata nini? Kwa zebu wadogo wa magharibi ya Kenya, ambao ni majirani wa karibu wa ng'ombe wenu, makadirio yalikuwa kama asilimia 84 damu ya zebu na asilimia 16 damu ya Afrika ya zamani. Sitarajii wako wawe mbali sana na hapo. Kitu usichokitarajie ni kuambiwa kwamba huyu ni wa Kisukuma na huyu ni wa Kigogo au wa Kimasai. Majina hayo ni ya watu na mahali. Ng'ombe wenyewe wamezunguka mno: mahari imewahamisha, wizi umewahamisha, minada, ukame, urithi, na ile desturi ya kumpa rafiki wa mbali ng'ombe wako akutunzie ili ugonjwa ukipita usikose vyote. Ukiwapima, tofauti kubwa utaikuta ndani ya zizi moja kuliko kati ya wilaya na wilaya. Vilevile kumbuka sotoka ya miaka ya 1890, iliyoingilia Eritrea na kuteremka hadi Afrika ya Kusini ikiua sehemu kubwa ya ng'ombe wa bara hili. Waliobaki walikusanywa upya kutoka kila upande, kwa hiyo ukoo wa zizi unaousikia kwa wazee mara nyingi unaanzia baada ya sotoka.

Hilo ni jibu la asili. Sasa uamuzi, maana naona ndiko swali lako lilikokuwa linaelekea.

Ile hesabu ya nusu, robo tatu na saba kwa nane inafanya kazi vilevile kwa Friesian. Ukifuata ushauri wa kupandisha mpaka damu iishe, ndani ya vizazi vinne mwanao atarithi ng'ombe wenye sehemu moja kwa kumi na sita ya kienyeji, na hawezi kuirudisha. Zebu walipoingia, jambo hilo hilo lilitokea taratibu, na kati ya kizazi na kizazi walikuwepo ndigana, mbung'o, kupe na ukame wakichagua nani abaki. Utafiti ule wa 2020 ulikuta sehemu kadhaa za kinasaba ambazo mchanganyiko wake hauendi sawa na wa mwili mzima: mahali fulani damu ya Afrika ya zamani imeng'ang'ania, mahali fulani ya zebu imezidi, na nyingi ya sehemu hizo ziko kwenye jeni za kinga, za kustahimili joto na za uzazi. Huo ni uchaguzi uliofanywa na vifo vya ndama wengi mno. Mbegu ya mtungi, ile iliyogandishwa kwa ajili ya kupandisha, haijapita huko.

Magharibi ya Kenya, jirani na Busia, watafiti waliwafuata ndama 548 wa kienyeji tangu kuzaliwa hadi mwaka mmoja. Baadhi yao walikutwa na damu kidogo ya Ulaya bila wenyewe kujua. Ndama hao waliugua mara nyingi zaidi kuliko wenzao. Ndigana kali ndiyo iliyoongoza kuua katika kundi zima. Kwa upande mwingine, mwaka 2022 watafiti wa Nairobi na Edinburgh walieleza kuhusu uzao wa dume mmoja wa Boran, zebu wa Kenya na kusini mwa Ethiopia, ambao ulinusurika ndigana kali kwa kiwango cha kushangaza, wakaifuatilia sababu hadi kwenye jeni moja. Ng'ombe wa namna hiyo anaweza kuwa amesimama kwenye zizi la mtu yeyote, na mwenyewe anamjua tu kama "yule asiyeugua".

Kama hunielewi juu ya ng'ombe, tazama kondoo mwekundu wa Kimasai. Anastahimili minyoo ya tumbo vizuri kuliko aina nyingi duniani. Kuanzia miaka ya 1970 wafugaji wa Kenya walihimizwa kupandisha kwa Dorper kutoka Afrika Kusini, kwa sababu mtoto wake ni mkubwa na sokoni anauzika. Watoto wa kwanza walikuwa wazuri kweli. Watu wakaendelea kupandisha kizazi baada ya kizazi, na leo kumpata mwekundu halisi asiyechanganywa ni kazi.

Sikukatazi Friesian. Kama una maji ya uhakika, dawa ya kuogesha kila wiki, malisho ya kukata na mnunuzi wa maziwa, wapandishe majike wachache na uwatenge, uwatunze kama chotara wanavyotaka kutunzwa. Mpwapwa walishatuonyesha namna nyingine: walichanganya Sahiwal na Sindhi mwekundu, ambao ni zebu wa upande wa Pakistan na India, pamoja na Boran, zebu wa Tanzania na damu kidogo ya Ulaya, wakasimamisha mchanganyiko hapo na kuuita ng'ombe wa Mpwapwa. Ukitaka maziwa zaidi bila kupoteza miguu ya kwenda mbali na tumbo la kiangazi, ningekuambia uulize dume la aina hiyo au la Sahiwal au Boran kabla ya kufika kwa Friesian.

Lakini kundi la kienyeji libaki, angalau majike ishirini, na lipandwe na dume la kienyeji. Dume hilo usilichague kwa rangi wala kwa ukubwa wa nundu. Chukua daftari, kaa na mzee wako, muorodheshe majike kwa majina yao: nani anazaa kila mwaka, nani ndama wake hawafi, nani alipita kiangazi kibaya cha mwisho bila kuokotwa chini asubuhi. Dume litoke kwa mama wa juu katika orodha hiyo, na baada ya miaka mitatu au minne ulibadilishe na la jirani ambaye mifugo yake si ndugu wa yako, ili lisiwapande binti zake. Nakala ya orodha mpelekee afisa mifugo. Akiwa mtu wa kazi ataitaka.